Mheshimiwa Langoni

Mheshimiwa Pruett alisimama kwenye lango la shule ya kupigia kura, akigawa karatasi za kuwaelekeza wapiga kura jinsi ya kumchagua, kama ilivyo desturi ya Australia. Miaka ishirini na minne bungeni, hakuwahi kukwepa macho ya mpiga kura. Leo aliyakwepa, maana mzee aliyefika mbele ya foleni ndiye aliyefiwa na mkewe barabarani wakikimbilia hospitali ya mbali jijini Adelaide, baada ya Mheshimiwa kuunga mkono kufungwa kwa hospitali ya mji wao.

“Pole na msiba, mzee wangu.”

“Pole nimeisikia. Na daktari je, umekuja naye?”

Mzee aliipokea karatasi, akajifutia mafuta ya soseji aliyoinunua hapo langoni, kidole kimoja kimoja, kisha akamrudishia.

Mama aliyefuata, mfuasi wa Mheshimiwa wa siku zote, akaficha mikono mgongoni.