Msondo Uliorudi na Ndege

Hashimu alikata uzi wa mwisho wa godoro ulimoshonewa msondo wake, ngoma ndefu ya unyago ambayo mpwa wake na kikundi chake waliirudisha jana kutoka Ulaya, akakuta mti wa ngoma umepasuka. Kidole chake kiliingia kwenye ufa mpaka kwenye pete aliyovaa.

"Nilikwambia nini kabla hamjapanda ndege?"

"Nilegeze kamba, mjomba, baridi ya huko juu isiivute ngozi," mpwa wake alijibu. "Lakini tulipigwa picha uwanja wa ndege, sikuzilegeza. Msondo ukilegezwa unakaa kama gunia."

"Na mwali wetu wa mwezi ujao, atachezwa kwa picha?"

Mpwa alicheka, peke yake.

Hashimu alimvua koti jipya, akalitundika msumarini, akamwekea shoka mapajani.

"Linoe. Alfajiri tunaingia msituni, na mti wa msondo mpya utaukata wewe."