Njiwa na Kisamvu

Siku hizi kila chumba cha mtoto kina msimulizi ukutani, anayehadithia Biblia kwa sauti ya mama mwenyewe. Jioni hiyo msimulizi alikuwa "anaumwa", kama Atupele mdogo alivyoita kuharibika. Basi Tusekile, mama yake, akaketi kitandani akamsimulia habari za Nuhu kama alivyosimuliwa na bibi yake.

"Njiwa akarudi na kisamvu mdomoni."

"Ni jani la mzeituni!"

"Bibi hakuwahi kuuona mzeituni, mwanangu. Yeye alijua mihogo."

Atupele akacheka mpaka akajishika tumbo. Tusekile naye akacheka, akaendelea hadi upinde wa mvua.

"Asante kwa kunisimulia," mtoto akasema kwa adabu, akijifunika shuka. "Mama akipona, nitamwambia ya kisamvu."