Mzigo Uliobaki

Sheria ilikuwa moja tu: betri za sola za gari-nyumba zisishuke chini ya nusu. Zikifika hapo, gari lenyewe huzima mzigo, yaani chochote kinachokula umeme kuliko vyote. Mwenye gari, Bi Sikudhani, hakubabaika. Siku ya tatu ya mawingu kambini Eyasi, alikuwa keshazima friji, feni na birika, anapikia kuni huku akiimba.

“Betri hizi nimezilea mwenyewe, haziwezi kuniangusha,” alimwambia mumewe, Kiango, aliyejinyoosha kitandani, moyo wake wa bandia ukichajiwa ukutani.

Gari likatangaza kwa adabu: “Umebaki mzigo mmoja.”

Kiango akacheka. “Mama Tunu, kumbe mimi ni mzigo?”

“Hebu nyamaza!” Akaketi, akaishikilia plagi kwa mikono miwili, ingawa alijua swichi haiko hapo.