Kiuno cha Kwenye Jarida

Kunegunda, fundi cherehani wa Songea mjini, alikuwa amelifumua gauni mara tatu, na kiuno bado kilikataa kukaa kama cha mwanamitindo wa kwenye jarida.

“Fundi, Jumamosi nasimamia harusi Peramiho,” mteja alisema, akiwa amelivaa gauni, akigonga picha ya jarida kwa ukucha. “Nataka hivi hivi.”

Kunegunda aliisogeza picha dirishani. Ilikuwa nzuri kweli: shingo imenyooka, kitambaa kimetulia mwilini bila kunjo hata moja.

Kwenye kona ya picha, nyuma ya mwanamitindo, palikuwa na kioo kidogo. Alikisogelea kwa jicho moja. Ndani ya kioo, mgongoni mwa mwanamitindo, gauni lilikuwa limebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Akavihesabu. Saba.

“Simama hivyo hivyo, mdogo wangu, wala usigeuke,” alisema, akaenda uani kwenye kamba ya nguo.