Bangili za Zamu

Wazazi wenzangu, msiiamini ile taa. Siku hizi mwanafunzi wa chuo hanywi pombe bwenini bila kuvaa bangili ya kupima moyo, na nyumbani kwa mzazi taa hupepesa kufuata mapigo ya moyo wake. Akizidisha, inakuwa nyekundu.

Jumapili asubuhi nilikuwa nakanda maandazi, taa ya mwanangu Lusajo ikiwa kijani. Nikampigia simu, akapokea rafiki yake, Ambele.

“Shikamoo, mama. Lusajo amelala, jana yeye na wenzake walikunywa sana.”

“Marahaba. Sasa mbona taa yake ni ya kijani?”

Akacheka. “Bangili zao nimezivaa mimi, mama. Jana ilikuwa zamu yangu ya kutokunywa.”

“Mwamshe!”

Nikamsikia akimwita, akimtikisa, akimwita tena. Hakucheka tena.

“Mama, haamki.”

Mezani kwangu taa ikaanza kupepesa mbio, bado kijani. Ulikuwa moyo wa Ambele.