Nyuma ya Kantini

“Babu yangu alikuwa mganga aliyeaminiwa na watawala. Baba yangu alishika funguo za ghala la dawa mpaka akastaafu, na hakikupotea hata kidonge. Hakuna aliyepata kuwaweka mkiani. Leo wewe, damu yangu mwenyewe, unaniweka nyuma ya kantini?”

Mfamasia mkuu wa hospitali alikuwa amefura. Alielekeza kidole kwenye skrini kubwa ya chumba cha kompyuta. Mjukuu wake, binti aliyekuwa fundi wa seva ambazo hospitali ilizikodi mtandaoni, alikuwa ametunga programu ya kuzitia masasisho ya usalama yenyewe, kundi baada ya kundi, ili mafundi wasizishughulikie moja moja kwa mkono. Skrini ilionyesha zamu: kantini kwanza, maegesho ya magari yakifuata, kisha ofisi za utawala, halafu wodi. Mwisho kabisa, famasi na chumba cha wagonjwa mahututi.

“Wezi wa mitandaoni wanatunyemelea kila siku, nawe unaanza kulinda birika! Chai imekuwa na cheo kuliko dawa?”

“Babu, naomba nikueleze jinsi—”

“Usinikatize! Sisi mkubwa akisema, tulifunga mdomo.”

“Lakini ipo sababu, Babu.”

“Sababu ni dharau. Mkurugenzi nimeshampigia, ameridhia. Famasi iwe ya kwanza, kantini ya mwisho. Sasa hivi, nikiwa nimesimama hapa hapa.”

Binti alipiga simu kwa mkurugenzi kuhakikisha. Akajibiwa kwa mkato: afanye anavyotaka mzee. Akauma mdomo, akabadilisha zamu, akabofya.

Mzee alikunja mikono kifuani. Seva za famasi zilipokea sasisho jipya, zikajizima ili ziwake upya.

“Umeona? Kumbe inawezekana.”

Hazikuwaka.

Simu ya mzee ikalia. Alikuwa msaidizi wake wa dirishani, akihema. “Mkuu, kompyuta zote zimekufa! Nina mtoto wa degedege hapa, kipimo cha dawa yake sikioni!”

“Mpigie daktari wake akutajie! Upesi!” Kisha akamgeukia mjukuu wake kwa ngurumo. “Umenikomoa! Zirudishe! Na hilo balaa lako lisimamishe kabla halijaziangusha wodi zote!”

“Nazirudisha zilivyokuwa, Babu.” Vidole vya binti havikutulia. “Programu imejisimamisha yenyewe. Wodi hazitaguswa.”

“Vijana hamsikii! Mnaambiwa, hamsikii! Leo utanisikiliza na utanijibu: hospitali nzima imesalimika, kwa nini ianguke famasi yangu peke yake?”

Binti hakuinua macho.

“Kundi la kwanza ndilo la kujaribia, Babu. Kantini ikizimika, hafi mtu.”