Nipo, Afande

Uliwaona. Usiseme hukuwaona. Leo asubuhi, mvua ikitwanga bati, walipita mbele ya kibaraza chako kuelekea mlimani, kuruti wa mgambo, mabegi ya mchanga mgongoni, raba za kuazima miguuni. Ukasogeza stuli ndani usilowe, ukarudi kwenye chai yako. Na yule wa masika yaliyopita, aliyeshushwa kwa machela, naye hukumwona.

Watatu kati yao ni wanawake: Hajra wa Mandawa, Amna wa Chunyu, na Magreti aliyetoka Nachingwea. Walilala darasa moja, mkeka mmoja, wakawa ndugu. Walitaka kitu kimoja tu: wamalize mafunzo, wapate kazi ya kulinda ghala la korosho.

Mkufunzi wao, afande Dominiko, hakuwatazama watu, aliwasikiliza. Kila kituo aliita majina akiwa mbele kabisa, uso umezama kwenye koti la mvua, na kila mmoja alijibu, "Nipo, afande!" Jina moja likikosa jibu, kundi zima linarudi chini kuanza upya. Kwa hiyo kuruti wakajifunza somo lisilo na mwalimu: kuitikiana. Magreti alipolala na homa, Amna ndiye aliyemwitikia. Huo ndio ulikuwa undugu wao.

Katikati ya mlima ukungu ukashuka. Amna akaanza kubaki nyuma.

"Miguu umeisahau Chunyu?" Magreti akamtania.

"Tangulieni, shoga zangu. Akiita, niitikieni."

"Na hili lisauti langu la beberu?" Hajra akauliza.

"Kwa upepo huu hata mbuzi akilia, afande atajua ni mimi."

Wakacheka, wakatangulia.

Kituo kilichofuata Hajra akamwitikia. Kingine tena akamwitikia, shingo imegeuka nyuma. Kileleni aliitika meno yakigongana, na nyuma hapakuwa na mtu.

Akamkimbilia mkufunzi. "Afande, Amna hayupo."

"Hayupo vipi? Si ameitika sasa hivi?"

"Niliitika mimi."

"Umechoka, unatafuta sababu ya kupumzika. Rudi mstarini, kuruti!"

Hajra akarudi. Waliteremka, naye akawaza. Mtu huyu haamini maneno, anaamini sauti tu. Basi leo sauti moja ikosekane.

Mstari ulipozunguka mwamba, akachepuka. Magreti alimwona. Hajra akaweka kidole mdomoni. Magreti akamtazama kwa huruma, akaitikia kwa kichwa: nimekuelewa, dada.

Akapanda peke yake. Mlima waliokuwa wakiupanda kwa nyimbo sasa haukuwa na sauti ila ya maji. Aliita, akajibiwa na maji. Aliita tena mpaka koo likawaka, na kwa mara ya kwanza tangu aje mafunzoni akatamani hata matusi ya afande.

Alimkuta Amna korongoni, mguu umevunjika chini ya goti, midomo rangi ya majivu, maji yakimfika kiunoni na yakipanda. Alimvuta. Amna akapiga yowe, akasogea kidogo tu. Hajra akashuka majini, akamkumbatia kumpa joto.

"Nani anakuja?" Amna akanong'ona.

"Wote. Afande akiita jina langu, hakuna wa kuitika. Watapanda wakitulaani, lakini watapanda."

"Watakuchapa."

"Wanichape. Tega sikio."

Wakatega. Mbali huko chini, sauti ya Dominiko ikaletwa na upepo, jina baada ya jina.

"Amna!"

"Nipo, afande!" sauti ya mwingine ikajibu kutoka chini.

Amna akafumba macho. Hajra akamtikisa. "Usilale! Hilo si kitu. Bado langu."

"Hajra!"

Hajra akambana Amna kifuani, akazuia hata pumzi yake.

"Nipo, afande!" akaitika Magreti, kwa sauti nzito ya beberu, kwa upendo wake wote.

Wewe wa kibarazani, wanapita mbele yako sasa hivi, wakirudi kutoka mlimani. Weka kikombe chini. Wahesabu kwa macho, kisha uchukue kamba, upande.